ULIZA TUKUJIBU: Mlipuko uko kwa jirani, wewe unakuhusu nini?

Mwezi huu tulipanga kuongelea ada za shule lakini meseji zenu zimetuhamisha njia. Ebola, Marburg (homa ya virusi, ndugu yake Ebola), mpox (ndui ya nyani), mipaka, chanjo, WHO (Shirika la Afya Duniani), Marekani, yaani sanduku limejaa, na wengine mmetuma voisi za dakika sita jamani, sisi nasi tuna watoto. Tumechagua maswali saba, tumenyoosha maandishi kidogo, majina tumeyaacha.

Mimi ni dereva wa trela, napakia Mombasa nashusha Kampala, mara nyingine nafika mpaka Goma. Kila ugonjwa ukitokea wa kwanza kusimamishwa ni sisi. 2020 pale Namanga, mpaka wa Kenya na Tanzania, tulilala chini ya magari tukingoja majibu. Sasa nauliza, hizi nchi si jumuiya moja? Mbona napimwa mpaka huu, nikifika mpaka wa mbele naanza upya kama sijawahi kupimwa? — Dereva, Miritini

Pole kaka, na hasira yako ina haki kabisa. Ile 2020 wengi tunaikumbuka, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania tarehe 16 Mei, ikaacha mizigo tu ipite na dereva lazima apimwe, basi ikawa vurugu, madereva upande huu wanaambiwa wana virusi, wakirudi kupimwa upande wa pili wanaambiwa hawana kitu, foleni ikaenda kilomita na kilomita na nyanya zikaozea ndani ya magari.

Kinachouma zaidi ni hiki. Hapohapo Namanga, Juni 2019, hata mwaka haujapita kabla ya hayo yote, Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na WHO walifanya zoezi kubwa la majaribio, wakajifanya homa ya Bonde la Ufa imetoka kwa mifugo imeingia kwa watu na inavuka mpaka. Watu wa afya walikuwepo, wa mifugo, uhamiaji, wa Kenya na wa Tanzania, siku nne nzima wanafanya mazoezi ya kupeana taarifa. Kwa hiyo siyo kwamba hawakujua cha kufanya. Walijua. Kilichokosekana 2020 ni kimoja tu, karatasi ya maabara ya jirani kuaminika, na hilo zoezi halifundishi, linatoka juu kwa wakubwa, na mwaka ule wakubwa walikuwa hawaelewani kabisa kuhusu Korona yenyewe.

Baadaye Jumuiya hiyo (EAC) ikaleta mfumo wa kwenye simu wa kufuatilia madereva na mizigo ili majibu uliyopewa nchi moja yasomeke nchi nyingine, na kulikuwa na maabara za kutembea tisa zilizonunuliwa kwa hela ya Ujerumani zikagawiwa nchi wanachama. Hizo maabara ndizo kitu cha maana kuliko yote, tutakuambia kwa nini kwenye swali linalofuata.

Lakini na wewe kaka tukubaliane, barabara inabeba ugonjwa, hilo halina ubishi. Mgonjwa wa kwanza wa mpox Kenya, Julai 2024, aligundulika pale kituo cha mpakani Taita Taveta, alikuwa msafiri katoka Uganda anaenda Rwanda kapitia Kenya. Tanzania ilipothibitisha wa kwake Machi 2025, mmojawapo alikuwa dereva wa lori aliyeingia Dar akitokea nchi jirani. Hawa hawakuwa wahalifu, walikuwa kazini. Ndiyo maana WHO kila siku inasema usifunge mpaka, pima na uandikishe, maana ukifunga watu hawaachi kusafiri, wanahamia njia za panya, na huko hakuna mtu mwenye kipimajoto wala daftari. Ushauri wetu, karatasi zako za kipimo na chanjo zipige picha zikae kwenye simu, na ukijisikia homa au vipele sema pale kituoni kabla hujaulizwa. Najua unawaza mzigo utachelewa na tajiri atanuna. Atanuna zaidi gari lote likiwekwa karantini.

Niko Biharamulo. Januari 2025 tulisikia redioni kwamba WHO wamesema kuna Marburg huku kwetu, kesho yake serikali ikasema hakuna, sampuli zote safi, halafu siku chache mbele Rais mwenyewe anatangaza ipo. Tulifichwa? — Mama wa dukani, Biharamulo

Mama, swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, tutajibu bila kuzungukazunguka.

Ilivyokwenda ni hivi. Tarehe 14 Januari 2025 WHO ilitangaza kwamba kuna watu wanaohisiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera na wengi wao wameshafariki. Waziri wa Afya wa wakati huo, Jenista Mhagama, akatoka akasema sampuli zimepimwa na hazina Marburg. Tarehe 20 Januari Rais Samia akiwa Dodoma, pembeni yake mkuu wa WHO Dk. Tedros, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Hadi mlipuko unatangazwa kuisha tarehe 13 Machi walihesabiwa watu kumi, wawili wamethibitika maabara na wanane wanaodhaniwa, na wote kumi wamefariki. Wote. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alianza kuugua Desemba 2024, kwa hiyo virusi vilizunguka wiki kadhaa kabla ya redio yoyote kusema chochote.

Inawezekana kabisa sampuli za mwanzo zikawa safi kweli na ya baadaye ikawa na virusi, hilo hutokea, hasa kama waliokuwa wagonjwa wenyewe wameshazikwa na waliobaki kupimwa ni wale waliowauguza. Hatuwezi kusema mtu alidanganya. Ila tunaloweza kusema ni kwamba neno "hakuna" lilitoka mapema mno na kwa sauti kubwa mno, wakati lingeweza kuwa "bado tunapima, kaeni chonjo", na mama wa dukani anayepokea noti mikononi siku nzima angenawa mikono wiki ile badala ya wiki inayofuata.

Kisheria iko hivi: kuna Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilianza kutumika Juni 2007 na nchi 196 zimo. Zinasema nchi ikishatathmini kwamba kuna tukio linaloweza kuvuka mipaka, ina saa 24 kuiarifu WHO. Na WHO nayo haingoji barua tu, inaruhusiwa kusikiliza vyanzo vingine, madaktari, magazeti, hata tetesi, halafu inaiuliza nchi "hili ni kweli?" na nchi inatakiwa iitikie ndani ya saa 24. Kwa hiyo unaposikia WHO imesema kabla ya serikali usishangae, mfumo umetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu waliouandika walijua serikali zina aibu.

Na aibu yenyewe ina sababu. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliona aina mpya ya Korona wakaitangaza haraka, bila kuficha, ndiyo hiyo Omicron. Zawadi waliyopewa ni kufungiwa ndege, Ulaya, Uingereza, Marekani, wakafunga milango kwa kusini mwa Afrika karibu yote, wakati kirusi kilikuwa kimeshafika kwao. Sasa waziri wa utalii wa nchi yoyote aliyeona lile, we unadhani atakuwa na haraka ya kuitisha waandishi wa habari? Hatusemi ni sawa. Tunasema ukitaka watu waseme mapema usiwapige wanaposema, na hapa ndipo ushirikiano wote wa kimataifa unaposimama au kuanguka, mengine ni makaratasi.

Kwa upande mwingine Kagera ina la kujivunia. Machi 2023, Marburg ya kwanza kabisa Tanzania, kule Bukoba vijijini, Maruku na Kanyangereko, taarifa za ugonjwa usiojulikana zilitoka, siku chache tu zikathibitishwa, wagonjwa wakaishia tisa na waliofariki sita, na Juni 2 ikatangazwa imeisha. Wataalamu wengi walivua kofia. Na hii ya 2025 kipimo cha kwanza kilichopatikana na virusi kilifanyika kwenye maabara ya kutembea hapohapo Kabaile, Kagera, ndipo ikathibitishwa Dar. Zamani sampuli ya aina hiyo ilikuwa inapandishwa ndege kwenda ng'ambo na majibu yanakuja watu wameshazikana kwa kuoshana na kukumbatiana. Ndiyo maana tulimwambia dereva hapo juu kwamba maabara zile ni kitu cha maana.

Ni kweli WHO sasa hivi wana mamlaka ya kutufungia ndani na kutuchanja kwa nguvu? Kuna video inazunguka grupu la ukoo. — Kijana wa Tabata

Hapana. Mkataba wa majanga ya magonjwa uliopitishwa Geneva Mei 20, 2025 umeandika wazi kabisa kwamba WHO haina mamlaka ya kuamuru nchi ifunge watu, ilazimishe chanjo wala ifunge wasafiri. WHO hawana polisi hata mmoja. Wangekuwa nao Namanga ingekuwa imefunguliwa siku hiyohiyo. Mjibu mjomba wako kwenye grupu, kwa heshima lakini.

Bonjour ndugu wa gazeti. Niko Goma, mwalimu. Kwa Ebola ya 2018 tuliona magari mapya mingi, wageni mingi, hoteli zote complet, na watu huku walisema ni biashara ya Ebola. Kisha mpox ilitoka hapa kwetu Kivu, tukangoja chanjo sana. Wazungu wanakuja tu wakiogopa yao? — Mwalimu, Katindo

Bonjour mwalimu. Jibu fupi ni ndiyo, mara nyingi ndivyo ilivyo. Jibu refu lina mambo ambayo huenda hata wewe yatakushangaza.

Tuanze na hiyo Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha Juni 25, 2020, wagonjwa 3,470, waliofariki 2,287, ya pili kwa ukubwa duniani baada ya ile ya Afrika Magharibi. WHO iliitangaza kuwa dharura ya dunia Julai 17, 2019, siku chache baada ya mgonjwa kuonekana Goma, mji wa watu zaidi ya milioni na uwanja wa ndege wa kimataifa. Beni na Butembo, miji ya Kivu Kaskazini, walikuwa wanazika tangu mwaka mmoja nyuma. Watu wa Beni waliiona hiyo hesabu vizuri sana. Halafu ndani ya vita, pale ambapo watu wanachinjwa usiku na hakuna anayekuja, ghafla gari nyeupe zinakuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu, na zinakodiwa kwa dola, na mwenye gari ni mjomba wa mkubwa fulani. Ukiuliza malaria na surua zinazoua watoto kila siku mbona hazina gari, hakuna jibu. Neno biashara halikuanguka kutoka mbinguni.

Na kuna lililo baya kuliko hela. Tume huru iliyoundwa na WHO yenyewe ilitoa ripoti Septemba 2021, ikataja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono wakati wa kazi ile ya Ebola, 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na WHO. Wanawake waliambiwa watapata kazi. Hilo tunaliandika hapa kwa sababu kila mara mtu anapouliza "kwa nini wanakijiji hawaamini wahudumu" anapewa hotuba kuhusu imani potofu na ushirikina, hii haitajwi.

Lakini mwalimu, upande wa pili nao uandikwe. Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa kwa risasi Aprili 2019 ndani ya hospitali Butembo akiwa kazini, hakuja kwa biashara. Na chanjo ya Ebola, ile ya Ervebo, walichanjwa watu zaidi ya laki tatu, wengi kwa mtindo wa kuchanja mzunguko wa mgonjwa, yaani unawachanja waliomgusa na waliowagusa hao, na wanaozunguka mtaani kuwashawishi walikuwa Wakongomani. Jina la kulijua ni la Profesa Jean-Jacques Muyembe, alikuwa Yambuku 1976 Ebola inaonekana mara ya kwanza, akachukua damu kwa mkono mtupu bila glavu. Kikwit 1995 alijaribu kuwapa wagonjwa damu ya waliopona, wenzake wa nje wakaguna, na miaka kadhaa baadaye kutoka kwa mtu mmoja aliyepona Kikwit ndipo ikapatikana kingamwili iliyotengenezewa dawa, leo inaitwa Ebanga na Marekani waliipa kibali Desemba 2020. Yaani dawa ya Ebola imo ndani ya damu ya Mkongomani na akili ya Mkongomani, na kiwanda kiko Marekani. Hapo sasa ndipo penye ugomvi wenyewe wa dunia kwa sasa.

Mpox inaonyesha vizuri zaidi. Ugonjwa huo kwa binadamu ulijulikana Kongo mwaka 1970, kwa mtoto mchanga. Miaka hamsini na zaidi. 2022 ulipoingia Ulaya na Marekani ukatangazwa dharura ya dunia, na chanjo zikatoka stoo kwa mamia ya maelfu, watu wakajipanga London na New York. Ulipopungua kwao dharura ikafutwa Mei 2023, na miezi michache tu mbele, Septemba 2023, aina mpya inayoambukiza kwa urahisi zaidi baina ya watu ikaanza Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu huko kwenu Kivu Kusini. Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kilichopo Addis Ababa, kiliitangaza dharura ya bara Agosti 13, 2024, WHO wakafuata kesho yake tarehe 14, tunasisitiza wakafuata kwa sababu ni mara ya kwanza Africa CDC kutumia mamlaka hayo. Chanjo za kwanza, dozi 99,100 kutoka Umoja wa Ulaya, zilitua Kinshasa Septemba 5, 2024. Mwaka mzima baada ya Kamituga. Na kuchanja kukaanza Oktoba, Goma. Wewe mwalimu unajua kilichoipata Goma Januari 2025, waasi wa M23 wakaingia, na wagonjwa wa mpox kambini wakatawanyika, hakuna mkataba wa afya unaozuia hilo.

Mkataba ule wa Mei 2025 tuliomjibu kijana wa Tabata unajaribu kugusa hapa. Kwenye kamati, siku moja kabla ya kupitishwa, ulipata kura 124, hakuna aliyepinga, 11 hawakupiga upande wowote. Wazo lake kubwa ni nipe nikupe: nchi inatoa sampuli na taarifa za kirusi haraka, na viwanda vilivyomo kwenye mpango vinapotengeneza chanjo au dawa au vipimo wakati wa janga vilenge kuipa WHO asilimia 20 ya kinachotoka kiwandani wakati huohuo kinapotoka, angalau asilimia 10 ikiwa bure na iliyobaki kwa bei nafuu, igawiwe kwa mahitaji. Tatizo, kipengele hichohicho cha nani anatoa nini na anapata nini kiliachwa kwenye kiambatisho cha kujadiliwa baadaye, na bila kiambatisho mkataba haufunguliwi kusainiwa. Kwa hiyo walikubaliana kila kitu isipokuwa kile kinachogombaniwa. Sisi tungekuwa wajumbe wa Afrika tusingeng'oka hapo, sampuli bila ahadi iliyoandikwa isitoke. Najua wapo wanasayansi watakaosema kuchelewesha sampuli ni kuhatarisha maisha, na ni kweli, ila asilimia 20 nayo siyo nyingi, na waliosubiri mwaka mzima Kivu nao walikuwa na maisha.

Nyie mnalalamika chanjo zinachelewa, lakini Uganda 2025 jaribio la chanjo ya Ebola lilianza siku nne tu baada ya mlipuko kutangazwa. Ilikuwaje? — Muuguzi, Mbarara

Asante sista, umetuletea habari njema maana ukurasa ulikuwa unaanza kuwa mweusi.

Siri yake ni kushindwa kwa 2022. Septemba 20 mwaka ule Uganda ilitangaza Ebola aina ya Sudan kule Mubende, na Ervebo haifanyi kazi kwa aina hiyo, kwa hiyo hakukuwa na chanjo yoyote iliyoidhinishwa. Watu walikimbizana kuandaa chanjo za majaribio, vibali, mikataba, na dozi za kwanza zikatua Desemba 8, wakati mgonjwa wa mwisho alishatoka hospitali tangu mwisho wa Novemba. Mlipuko ule uliisha Januari 2023 kwa kufuatilia waliokutana na wagonjwa, kutenga, na kuzika salama, ukaua watu 55 kati ya 142 waliothibitika, na chanjo ikabaki kwenye friji haina wa kumchanja.

Waliokuwa na akili hawakuzirudisha. Chuo Kikuu cha Makerere, wizara, WHO na watengenezaji wakakaa wakaandika utaratibu wote wa jaribio kabla, kamati za maadili zikaupitia, wahudumu wakafundishwa, na dozi 2,160 za chanjo ya shirika la IAVI zikawekwa Kampala kusubiri siku mbaya. Siku mbaya ikaja Januari 30, 2025, muuguzi wa hospitali ya Mulago amefariki. Februari 3 watu wakaanza kuchanjwa. Jaribio lenyewe liliitwa Tokomeza, kwa Kiswahili kabisa. Mlipuko ukaisha Aprili 26, wagonjwa 14 wakiwemo wa kudhaniwa, waliofariki wanne.

Rwanda nao Septemba 2024 walipopata Marburg, wagonjwa 66 na wengi wao wahudumu wa afya kama wewe, chanjo ya majaribio ya taasisi ya Sabin ilifika siku tisa baada ya kutangaza, dawa ya remdesivir ikaja, na wagonjwa wawili waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia walitolewa wakiwa hai, haijawahi kutokea Afrika kwa Marburg. Wakafariki 15, ukipiga hesabu ni kama asilimia 23, wakati milipuko mingine ya Marburg imewahi kuua hadi asilimia 88. Hatuwezi kusema kipi hasa kiliwaokoa, chanjo au ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) au kugundua mapema, ila ICU nzuri kwa wahudumu waliojulikana walipo siku ya kwanza haiwezi kuwa kitu kidogo. (Kule Hamburg nako walifunga reli mbili stesheni kwa sababu ya mwanafunzi wa udaktari aliyetoka Rwanda akahisi homa kwenye treni. Akapimwa, hana.)

Marekani imetoka WHO. Sisi inatuuma wapi? — Mtanzania, Minneapolis

Kwenye hela, haraka sana. Angalia hii, Januari 20, 2025, siku ileile Rais Samia na Tedros wanatangaza Marburg pale Dodoma, Washington ilisainiwa amri ya kujitoa, notisi ya mwaka mmoja ikaisha Januari 2026. Pale Dodoma Tedros aliahidi dola milioni 3 kutoka mfuko wa dharura wa WHO kwa ajili ya Kagera, na huo mfuko unajazwa na wachangiaji, na mchangiaji mkubwa wa WHO kwa miaka mingi alikuwa huyo aliyefunga mlango. Pia USAID, shirika la misaada la Marekani, ilivunjwa kipindi hichohicho, na wengi waliokuwa wanafuatilia wagonjwa Uganda na Kongo walikuwa wanalipwa kupitia humo.

Tabu nyingine ni kwamba sehemu kubwa ya hela za WHO huja na masharti, ni mchango wa harusi ambao kila mtoaji anasema yangu ni ya keki tu, na hakuna anayelipia viti. Viti hapa ni watu wa kukaa Kabaile wakati hakuna ugonjwa. Na kabla hatujamlaani Trump tukumbushane, Abuja 2001 viongozi wetu wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, na nchi zilizotimiza kwa miaka yote hiyo ni za kuhesabu vidole. Wewe uliyeko huko una mbunge wako wa huko, mpigie simu, sisi tutawapigia wa huku.

Assalaam alaykum. Niko Muscat, nataka mama yangu aje kutoka Unguja kisha twende Umra pamoja. Watu wananiambia anahitaji kadi ya njano, wengine sindano ya uti wa mgongo, na kuna mtu anauza kadi tayari imegongwa muhuri. Ipi ni ipi? — Bint Juma, Muscat

Waalaykum salaam dada yetu. Ya mwisho kwanza: usinunue kadi. Siyo tu kwamba anaweza kurudishwa uwanja wa ndege, ni kwamba ile kadi ni ahadi baina ya nchi na nchi, afisa wa Muscat anaamini muhuri wa Unguja bila kumfahamu aliyeugonga, na mkichezea hiyo tunarudi kwenye yale ya Namanga ya kila mtu kupimwa upya.

Kadi ya njano ni ya homa ya manjano, imo kwenye zile Kanuni za Afya za Kimataifa tulizomtajia mama wa Biharamulo. Sindano ni moja, inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 inadumu maisha, kwa hiyo kama mama alichanjwa zamani na kadi yake ipo haihitaji sindano mpya hata kama imeandikwa miaka kumi. Nani anaidai hutegemea ametoka nchi gani na amepitia wapi, akiunganisha ndege Nairobi au Addis akakaa saa nyingi masharti yanaweza kubadilika, basi uliza ubalozi na shirika la ndege kabla ya kukata tiketi. Kama ana zaidi ya miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, aongee na daktari kwanza, maana hii ni chanjo ya kirusi hai na kwa wazee wanaichanja kwa tahadhari zaidi, daktari anaweza kumpa cheti cha kusamehewa.

Ya uti wa mgongo ndiyo ya Umra na Hija yenyewe, Saudia wanaidai, ile inayokinga aina nne A, C, W na Y. Walianza ukali baada ya mlipuko uliotokea wakati wa Hija 1987, na mwaka 2000 mahujaji wakarudi na aina ya W nchi nyingi, ndipo ikawa hizo aina nne. Ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya kuingia Saudia. Kuna mbili, moja cheti chake kinadumu miaka mitatu na nyingine mitano, hakikisha kwenye kadi wameandika ni ipi, maana wasipoandika wanahesabu mitatu. Achomwe Unguja kwenye kituo cha chanjo cha wasafiri cha serikali, aje na kadi halisi mkononi, siyo kwenye begi la kupakia.